Kahawa ya Kuloweka

Kahawa ya kuloweka ni kinywaji kinachopatikana kwa kuacha kahawa iliyokaangwa na kupondwa ikae katika maji yasiyo moto kwa saa 12 hadi 24 na kisha kuichuja, nayo ni tofauti na kahawa iliyochemshwa halafu ikapozwa kwa barafu. Viambato kadhaa vichungu havitoki kirahisi bila moto, ndiyo maana ladha yake huwa laini, ingawa utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Thomas Jefferson, Marekani, ulionyesha kwamba kiwango chake cha pH, yaani kipimo cha uchachu, hakiachani sana na cha kahawa ya moto. Kafeini huyeyuka vya kutosha hata katika maji ya kawaida, hivyo ulaini huo si dalili ya wepesi.

Kinywaji hiki kinaweza kutengenezwa hata katika mikoa ya Shinyanga na Geita, Tanzania: mikoa hiyo hujulikana kwa pamba na dhahabu kuliko kahawa, lakini Geita inapakana na Kagera, ambako hulimwa zaidi robusta, aina ya buni yenye kafeini inayokaribia mara mbili ya arabika na uchungu unaopungua vizuri ikilowekwa. Kahawa ya sokoni, iliyosagwa laini kwa ajili ya birika, huziba kitambaa cha kuchujia na kuacha tope. Ni afadhali buni iliyokaangwa itwangwe kinuni hadi iwe chenga, vumbi lake lichekechwe, kisha gramu 100 zilowekwe katika lita moja ya maji, au gramu 200 kwa anayetaka kinywaji kizito cha kuzimua baadaye. Kahawa ya papo hapo, kama ile ya kiwanda cha TANICA cha Bukoba, haihusiki, kwa kuwa huyeyuka yote.

Jambo zito kuliko yote ni maji. Kwa kuwa kinywaji chenyewe hakipiti motoni, maji huchemshwa kwanza na kupozwa, na hilo hutosha kwa maji ya bomba, yakiwemo ya Ziwa Viktoria yanayofikishwa Kahama na Shinyanga kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. Katika machimbo madogo, hata hivyo, dhahabu hunaswa kwa zebaki, ambayo kuchemsha hakuiondoi katika maji. Kwa hiyo maji ya visima na madimbwi yaliyo jirani na mialo, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu, hayafai kabisa, wala madumu yaliyowahi kubeba kemikali, hata yakisuguliwa vipi.

Pasipo jokofu, chupa iliyofunikwa vizuri hutumbukizwa ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, ambao hupoza vizuri zaidi Shinyanga kuliko Pwani, kwa sababu hewa kavu hufyonza haraka unyevu unaojipenyeza hadi nje ya mtungi. Katika hali hiyo muda wa kuloweka usizidi saa 12, na kinywaji kinywewe siku hiyohiyo; kilichochujwa na kuwekwa kwenye jokofu hudumu siku kadhaa.