Kitenzi Kilichoanzia Miguuni

Mwaka 44 KK, Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri wa Roma, alimwandikia mwanawe Marcus kitabu kuhusu wajibu wa mtu. Humo alirudia mfano wa Chrysippus, mwanafalsafa wa Kigiriki: mkimbiaji ana haki ya kujikaza kwa nguvu zake zote ili ashinde, lakini ni mwiko kumsukuma mwenzake kwa mkono au kumpiga mtama. Huko kupiga mtama Cicero alikuita "supplantare". Ndicho kitenzi kilichozaa "supplant" ya Kiingereza, inayotumika leo mtu au kitu kinapotwaa nafasi ya kingine.

Kitenzi hicho cha Kilatini kimeundwa na "sub", yaani chini, na "planta", yaani wayo. Unapitisha mguu chini ya mguu wa mtu, anaanguka. Habari ya kutwaa nafasi haikuwamo.

Kwa maoni yangu, hakuna kilichokisogeza kwenye maana ya leo kama kisa cha Yakobo na Esau katika Biblia. Yakobo alizaliwa ameshika kisigino cha pacha wake, na kwa Kiebrania jina lake linahusishwa na kisigino hicho. Ukubwani alijipatia haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, kisha akavaa ngozi za mbuzi, akamhadaa baba yao Isaka aliyekuwa haoni, akaondoka na baraka. Esau alilia kwamba jina la ndugu yake limemfaa, maana amemhadaa mara mbili, na kitenzi alichotumia kina mzizi uleule wa kisigino. Jerome, aliyeanza kuitafsiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, alihitaji neno linalobeba mguu na hila kwa pamoja. Akachagua "supplantare". Katika kisa hicho aliyeangusha ndiye pia anayeondoka na fungu la aliyeanguka.

Kufikia karne ya 14 kitenzi kilikuwa kimeingia Uingereza kupitia Kifaransa, na Biblia ya King James ya mwaka 1611 ikakiweka kinywani mwa Esau. Mshairi Mwingereza John Milton, aliyekijua Kilatini barabara, alikirudisha miguuni katika utenzi wake Paradise Lost wa mwaka 1667: Shetani anageuzwa nyoka, miguu yake inajisokota, naye anaporomoka chini.

Siku hizi hutumika hata pasipo na hila yoyote, na hapo naona kinapotezewa nguvu. Balbu ikiungua, "replace" inatosha. "Supplant" ni ya mrithi halali wa kiti cha enzi aliyeondolewa na mdogo wake kwa njama.