Nyumba Hupita, Njia Hubaki

Kiwanja changu, nje kidogo ya Dar es Salaam, nilikinunua kwa mwenye shamba. Tulipimiana kwa hatua za miguu, mashahidi wakiwa mjumbe na majirani wawili. Palikuwa na mikorosho tu, na njia ilikuwa popote mguu ulipotaka kupita. Hakuna aliyeuliza barabara itapita wapi.

Jibu nililipata usiku mmoja jirani yetu aliposhikwa na uchungu. Teksi ilikomea barabara kuu. Tulimbeba kwa kitanda cha kamba, tukizunguka ukuta baada ya ukuta, karibu nusu saa. Alijifungua salama, lakini tangu hapo naitazama Kariakoo kwa jicho jingine.

Mitaa ya Kariakoo ilichorwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, imenyooka na kukatana kama miraba ya daftari. Jina lilikuja baadaye, kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale. Haikuchorwa kwa kutupenda: Mwafrika alitakiwa akae mbali na Uzunguni, na Mnazi Mmoja ukawa mpaka. Hata hivyo njia zilibaki. Nyumba za udongo na makuti zimekwisha, yamesimama maghorofa, na bado mtaa mmoja ukizibwa mtu hupitia wa pili.

Mji ulipokua ulifuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, kama vidole vya mkono. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya 5,300,000. Katikati ya vidole watu walijijengea wenyewe, na kila aliyeongeza ukuta alimfungia mwenzake njia. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza na Kijitonyama na kupitisha barabara Manzese. Lakini watu walikuwa wengi kuliko viwanja.

Mabasi yaendayo haraka yalianza 2016, na barabara za juu za Ubungo zilifunguliwa 2021. Ni mambo mema, ila hayafiki uchochoroni kwetu.

Mimi nimevunja ukuta wangu, nikaurudisha nyuma hatua tatu. Jirani mmoja amefanya hivyo pia. Wa tatu anasema bado anafikiri, nasi tunamsubiri, maana bila yeye njia haitokei barabarani.