Kilichoota Chini ya Mkuku

Mwishoni mwa Desemba 2022, meli ya watalii Viking Orion ilifika karibu na Adelaide, kusini mwa Australia, ikakatazwa kuingia bandarini. Haikuwa na maradhi wala mzigo wa magendo. Tatizo lake lilikuwa chini ya maji: viumbe wa baharini walikuwa wameota kwenye bamba zake, na wakaguzi hawakutaka wageni hao washuke nchini. Abiria walikuwa wameshakosa kushuka Christchurch, Dunedin na Hobart. Sasa walikaa wakiitazama nchi kwa mbali huku wapiga mbizi wakiiparura meli nje ya bandari.

Nahodha wa jahazi wa Lamu au Unguja wa miaka mia moja iliyopita asingeshangaa kusikia kwamba chombo kimeota. Nadhani angeuliza jambo moja tu: hao mabaharia walikuwa wapi tangu bamvua lililopita?

Katika pwani yetu kazi hii ilikuwa na vifaa vyake, majira yake na msamiati wake. Chombo huletwa ufukweni maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, kinabaki mchangani kikiwa kimeegemezwa gadi pande zote mbili kisije kikalala. Mabaharia wanaingia chini na kuanza kuparura: koga, mwani, chaza, na vile viganda vyeupe vinavyochana nyayo, barnakeli. (Charles Darwin alivichunguza viumbe hivyo kwa miaka 8. Ni jamaa ya kaa na kamba, si ya konokono: hujigundisha kwa kichwa, kisha maisha yao yote hujilisha kwa kupunga miguu majini.) Baada ya kuparura, vienge vya makuti makavu huwashwa na kupitishwa kwenye mbao, moto ukaue kilichojificha kwenye nyufa. Fundi anakalafati palipofumuka. Mwisho ndiyo deheni, yaani shahamu iliyoyeyushwa na kuchanganywa na chokaa, ikapakwa kwa mikono kutoka mkuku hadi usawa wa maji. Juu ya hapo hupakwa sifa, mafuta ya papa, na aliyewahi kupita upande uvumako upepo hahitaji kuelezwa harufu yake. Maji yakianza kurudi, kazi iwe imekwisha.

Deheni haikuwa sumu kali. Ilikuwa ngozi ya pili. Kinachoota kinaota juu yake, si juu ya mbao, na siku ya kuparura kinaondoka nayo. Ilimchelewesha pia yule mnyoo anayetoboa mbao, ambaye kwa kweli si mnyoo bali ni jamaa ya kome na chaza, mwenye makombe mawili kichwani anayoyatumia kama keekee. Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu zilikuwa na mapishi mengi ya namna hii. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyepita bandari ya Aydhab mwaka 1183, aliona vyombo vya kushonwa vikipakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, na akaandika kwamba ya papa ndiyo bora.

Wareno walipokuja hawakuwa na ujanja wa ziada. Mwanzoni mwa 1498 Vasco da Gama alitia nanga kwenye mto wa Quelimane, Msumbiji, akakaa siku 32, na sehemu kubwa ya siku hizo ilikwenda katika kuzilaza meli ubavu na kuzisafisha.

Aliyedhani ameimaliza kazi hii ni jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1761 lilifunika tumbo la manowari HMS Alarm kwa bamba nyembamba za shaba na kuipeleka visiwa vya Karibi. Ilipokaguliwa baada ya safari, shaba ilikuwa safi, kwa kuwa huyeyuka kidogo kidogo majini na kumtia sumu kila anayetaka kukaa. Lakini misumari ya chuma iliyoshika meli ilikuwa imelika vibaya. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Ila mafundi waliona jambo moja: pale ambapo karatasi iliyofungia bamba ilisahauliwa katikati, msumari ulikuwa mzima. Uzembe wa kibarua ukawa somo kwa wakubwa wake. Hata hivyo kuanzia 1779 msimamizi wa jeshi hilo, Charles Middleton, aliagiza manowari zote zivikwe shaba upesi kwa sababu ya vita, na misumari ikaendelea kuliwa mpaka zilipopatikana boliti za shaba iliyokazwa.

Kisha akaja mkemia Humphry Davy. Mwaka 1824 alionyesha kwamba ukifunga vipande vya chuma au zinki kwenye shaba, vipande hivyo ndivyo vinavyolika na shaba inabaki salama. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Shaba ikaacha kuyeyuka, na kwa kuwa imeacha kuyeyuka ikaacha kuua. Meli zikarudi na bamba zisizo na kasoro zikiwa zimejaa mwani na barnakeli, na baada ya miaka michache mpango ukaachwa. Mimi nauona huu kuwa mkasa mzuri kuliko yote katika historia hii: mtu anakiokoa kitu kwa kukiondolea kazi yake.

Meli za chuma zilipoenea, shaba ikashindikana, maana ingeitafuna meli yenyewe. Kila mwenye kiwanda akaja na rangi yake ya kuogofya viumbe, nyingi hazikufaa kitu, na meli ikahitaji kupandishwa chelezoni mara kwa mara. Asiye na chelezo aliumia. Waliojifunza hilo kwa gharama kubwa ni Warusi, na walijifunzia katika bahari yetu. Mwezi Januari 1905 kundi la manowari za Admirali Rozhestvensky, zikitoka Baltiki kwenda kupigana na Japani, zilitia nanga Nosy Be, kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Zilikaa kwenye maji yale ya joto hadi katikati ya Machi zikingoja amri, na matumbo yakaota. Wajapani, baada ya ngome ya Warusi ya Port Arthur kuanguka, walipata nafasi ya kuzirudisha zao gudini. Tarehe 27 Mei makundi hayo yalikutana Tsushima, na Warusi hawakuweza kukimbia wala kuchagua pa kusimama. Tusiutwishe mwani lawama zote za kushindwa kwao, kwani meli nyingi zilikuwa kuukuu na zimejazwa makaa kupita kiasi. Ila mwani ulikuwamo.

Nusu ya pili ya karne ya 20 ilileta dawa iliyofanya kazi vizuri mno. Ilikuwa sumu yenye bati, tribiutilitini, iliyochanganywa na rangi inayojimenya yenyewe meli inapotembea, hivyo kila siku kunatokea ngozi mpya yenye sumu mpya. Meli ikaweza kukaa miaka 5 bila kuparurwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wafugaji wa chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa, waliona makombe yakipinda na kunenepa, na watoto wa chaza hawaonekani. Katika pwani za Uingereza konokono jike wa baharini walianza kuota viungo vya dume. Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa vyombo vya chini ya mita 25 mwaka 1982. Mkataba wa dunia ulipitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, mwaka 2001, ukaanza kutumika Septemba 2008.

Lakini karne mbili za shaba na rangi zilifanya jambo jingine ambalo halikuandikiwa mkataba: zilimwondoa baharia chini ya chombo chake. Tumbo la meli likawa shughuli ya chelezo, ya fundi wa nchi nyingine, ya miaka kadhaa ijayo. Baharia wa meli ya mizigo anaweza kumaliza mkataba wake asilione hata mara moja.

Sasa anarudishwa. Mwongozo wa kwanza wa IMO kuhusu viumbe wanaoota kwenye meli ulitoka Julai 2011, ukaandikwa upya Julai 2023. Sababu ni mbili. Moja ni mafuta: utelezi wa nusu milimita ukienea nusu ya tumbo unaweza kuongeza moshi wa meli kwa moja ya tano au zaidi. Ya pili ni wageni wanaosafiri bila tiketi. Mwaka 1999 kome wa kutoka Amerika walikutwa wamejaa katika bandari ndogo za mashua mjini Darwin, Australia, ikabidi maji yote yatiwe klorini na chumvi ya shaba. New Zealand iliweka masharti yake ya lazima mwaka 2018. Mwaka mmoja kabla, ilikuwa imeifukuza meli ya mizigo DL Marigold kutoka Tauranga. Ikaelekea Fiji kusafishwa, na Fiji nayo ikaikataa.

Kwa hiyo meli inatakiwa iwe na mpango wake wa kudhibiti viumbe hao na daftari la kumbukumbu, na mwongozo unataka mabaharia wafundishwe kuvitumia. Wanafundishwa kupima kilichoota kwa daraja, kutoka 0, ambapo pako safi, na 1, ambayo ni utelezi mtupu, hadi 4, ambapo zaidi ya asilimia 40 imefunikwa na viumbe wakubwa. Wanafundishwa kwamba meli iliyokaa nangani wiki kadhaa kwenye maji ya joto si ile iliyotia nanga. Mhandisi anafundishwa kuishuku meli inayokula mafuta mengi kwa mwendo uleule. Wote wanaelekezwa kwenye vichochoro: nyuma ya usukani, ndani ya mashimo yanayovuta maji ya kupoza injini, kwenye wavu wa mashimo hayo ambao kamera ya mpiga mbizi huupita haraka.

Na kuna alama za magogo. Meli ikiwa chelezoni hukaa juu ya magogo, na pale yalipoigusa rangi haipiti. Miezi michache baadaye, penye mabaka hayo ndipo pa kwanza kuota. Daftari linataka iandikwe magogo yalikuwa wapi, ili safari ijayo yasogezwe. Kwenye jahazi hapakuwa na magogo wala daftari. Palikuwa na mkuku uliozama mchangani, ambao mkono wenye deheni haukuufikia mpaka mtu apige magoti na kuchimba, akisikiliza maji yanavyorudi.