Pango la Noeli: Namna ya Kuwaeleza Watoto Wadogo Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana

Wakristu wapenzi, Noeli inapokaribia, watoto wetu huanza kuuliza. Mmoja husema: «Mama, Yezu atazaliwa tena mwaka huu?» Mwingine humwona mwenzake amevaa nguo mpya, naye hana, husema: «Baba, kwetu Noeli haitafika?» Wazazi wengi hunyamaza, wakidhani kwamba kujibu ni kazi ya padri au ya katekista. Basi leo twataka kuwasimulia namna Mtakatifu Fransisko wa Asizi alivyowafundisha watu wa kijiji kimoja maana ya sikukuu hii, pasipo kitabu.

Kijiji hicho chaitwa Greccio, nacho kiko mlimani, katika nchi ya Italia, karibu na mji wa Rieti. Ilikuwa mwaka 1223. Siku zile Misa ilisomwa kwa Kilatini, nao wakulima na wachungaji hawakujua lugha ile. Siku kama kumi na tano kabla ya Noeli, Fransisko alimwita rafiki yake, mkubwa mmoja wa mahali pale, jina lake Giovanni Velita. Alimwambia kwamba ataka kuona kwa macho yake taabu aliyoipata Mtoto Yezu, jinsi alivyolazwa juu ya majani makavu. Giovanni akatengeneza hori, yaani chombo cha kulishia mifugo, akatia majani, akaleta ng'ombe na punda.

Usiku wa Noeli watu walipanda mlima wakishika mienge, hata giza likang'aa. Misa ikasomwa penye hori. Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili, kisha akahubiri. Ndugu Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake miaka michache baadaye, asimulia kwamba kila alipolitamka jina la Betlehemu, sauti yake ilikuwa kama ya mwana-kondoo.

Angalieni jambo moja. Penye hori lile hapakuwa na sanamu ya mtoto, wala ya Maria, wala ya Yosefu. Palikuwa na majani, wanyama, watu maskini, na Misa Takatifu. Katika Misa ile Bwana mwenyewe alikuwapo, katika Ekaristi.

Hapo twapata jibu la swali la kwanza. Yezu alizaliwa mara moja tu, Betlehemu, siku za mfalme Herode. Hazaliwi tena. Mwambieni mtoto hivi: «Mama yako aukumbuka usiku aliokuzaa. Huzaliwi tena kila anapoukumbuka, lakini uko hapa pamoja naye, naye hufurahi. Vivyo hivyo Yezu yu hai, yuko pamoja nasi, nasi twafurahi.»

Mtoto mkubwa kidogo akiuliza habari za siku yenyewe, msimdanganye. Injili haitaji siku aliyozaliwa Bwana. Lakini kalenda iliyoandikwa Roma mwaka 354 yaonyesha tarehe 25 Desemba. Basi kwa miaka zaidi ya 1,600 Wakristu wameishika siku hiyo. Wala Luka hawataji ng'ombe na punda, ila hori tu. Wanyama hao tumewapata kwa nabii Isaya, asemaye kwamba wao humjua mwenye kuwalisha, hali watu hawamjui Mungu wao.

Sasa swali la pili, nalo ni zito zaidi. Baba asiye na fedha ya kununua nguo huona haya mbele ya mwanawe. Ndugu, msione haya. Mchukueni mtoto penye hori, mwonyesheni mahali alipolala Mwana wa Mungu. Na yule aliyekimbia vita pamoja na wazazi wake, akalala chini ya turubai, mwambieni kwamba Yezu naye alichukuliwa usiku, akakimbizwa Misri. Msimwambie kwamba njaa ni njema, maana si njema. Mwambieni kwamba Mungu hakuona haya kukaa kwa watu kama sisi. Na mwenye nguo mbili afundishwe kumpa mwenziwe moja. Naye atakuwa ameielewa Noeli.

Papa Fransisko alikwenda Greccio tarehe 1 Desemba 2019, akatia sahihi barua juu ya pango la Noeli, akiwatia moyo wazazi waliandae nyumbani. Kwetu kazi hii haihitaji fedha. Udongo wa mfinyanzi watosha kwa sanamu, na magome ya migomba kwa nyumba. Waacheni watoto walete majani kwa mikono yao wenyewe. Hori likae tupu hata usiku wa Noeli, ndipo mdogo wa nyumba amlaze Mtoto.

Maswali ya kukumbuka:

Je, Yezu huzaliwa tena kila mwaka? — Hapana. Alizaliwa mara moja, naye yu hai siku zote.

Kwa nini alilazwa katika hori? — Kwa sababu wazazi wake hawakupata nafasi nyumbani mwa wageni. Naye alipenda kuwa maskini pamoja na maskini.

Noeli hufika kwa nani? — Hufika kwa kila mtu ampokeaye, hata asiye na nguo mpya.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.