Vibainishi vya Kiingereza na Kiswahili cha Eastlands: Historia ya Upungufu Usiokuwapo

1. Utangulizi

Mwalimu yeyote wa Kiingereza aliyepata kufundisha katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Shauri Moyo hadi Dandora na Kayole, anayafahamu makosa haya: "Teacher gave me book", "I went to market", na pale mwanafunzi ajitahidipo kupita kiasi, "The life is hard". Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni mafupi. Husemwa kwamba Kiswahili hakina vijineno "the" na "a", na kwa hiyo mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili hana njia ya kutofautisha kitu kinachojulikana na kisichojulikana. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo ni kweli. Sehemu ya pili ni kosa, na kosa hilo lina historia ndefu.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo kwa ufupi, na kuonyesha kwamba tofauti iliyopo baina ya lugha hizi mbili si ya maana bali ni ya wajibu. Kiingereza humlazimisha msemaji abainishe, Kiswahili humruhusu. Katika mjadala huu "the" tutakiita kibainishi dhahiri, na "a" au "an" kibainishi kisodhahiri. Neno "udhahiri" litatumika kwa maana ya hali ya kitu kuwa kimekwisha kujulikana kwa msemaji na msikilizaji.

2. Asili ya dai

Sarufi za kwanza za Kiswahili ziliandikwa na wageni waliokuwa wamefunzwa kwanza sarufi za kwao. Katika sarufi ya Kiingereza ya Lindley Murray iliyotolewa mwaka 1795, ambayo ilitawala shule za Kiingereza kwa miongo mingi, maneno yaligawanywa katika aina tisa, na ya kwanza katika orodha hiyo ilikuwa vibainishi. Basi yeyote aliyeijia lugha ngeni akiwa na orodha ya namna hiyo alikuwa na swali tayari mdomoni: kibainishi cha lugha hii kiko wapi? Ludwig Krapf alichapa muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili huko Tübingen mwaka 1850, na Edward Steere akatoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kwa mtu mwenye orodha ile, jibu halikuwa na utata: nafasi ya kibainishi ilikuwa tupu. Tangu hapo ikawa desturi kukieleza Kiswahili, katika jambo hili, kwa kile kisichokuwa nacho.

Ni haki kukiri kwamba historia ya maneno ya mkopo yaelekea kuliunga mkono dai hilo. Kiswahili kimepokea maneno kutoka lugha nyingi zenye vibainishi, wala hakikupokea kibainishi hata kimoja kikiwa na kazi yake. Kutoka Kiarabu tulipata alfajiri, alasiri na Alhamisi. Silabi "al" iliyo mwanzoni mwa maneno hayo ndiyo kibainishi dhahiri cha Kiarabu, lakini kwa Mswahili ni sehemu ya mzizi tu, na ndiyo maana twaweza kusema "alfajiri moja" bila kujipinga. Wajerumani walituachia "shule", lakini kibainishi kilichotangulia neno hilo kwao hakikuvuka bahari. Katika Kiswahili cha Kongo neno "lopitali" limebeba kibainishi cha Kifaransa tumboni mwake, nacho kimekufa humo humo kama kile cha Kiarabu. Na mtaa wa Kariakor ulio Nairobi, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walikiita "the Carrier Corps"; wenyeji walilichukua jina na kukiacha "the".

Hata hivyo, lugha inayokataa kuazima chombo huenda haikihitaji, kwa kuwa ina chake.

3. Njia za Kiswahili za kubainisha

E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliona kile ambacho orodha ya aina za maneno ilikificha. Alionyesha kwamba kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi hudokeza kitu mahususi, na kwamba kionyeshi chenye "-le" kikitangulia nomino hukaribia kazi ya kibainishi dhahiri. Tuchukue mifano yetu wenyewe. Mtu akiuliza "Umeleta kiti?", yawezekana anataka kiti chochote cha kukalia. Akiuliza "Umekileta kiti?", basi kiti hicho kimekwisha zungumzwa, na wote wawili wanakijua. Kiingereza kingeweka "a" katika swali la kwanza na "the" katika la pili. Kiswahili kimeifanya kazi hiyo hiyo ndani ya kitenzi, mahali ambapo mwenye kutafuta kijineno mbele ya nomino hawezi kukiona. Inapasa kuongeza kwamba tofauti hii ni dhaifu zaidi kwa nomino za watu, maana hizo huvuta kiambishi cha mtendwa hata zisipojulikana: "Nimemwona mtu".

Kwa nomino za watu, hata hivyo, ipo njia nyingine, na kila aliyesikiliza hadithi za bibi anaijua. Msimulizi huanza: "Palikuwa na mzee mmoja." Mzee huyo ni mgeni kwetu, na neno "mmoja" halihesabu, latambulisha tu. Sentensi ifuatayo husema: "Yule mzee akaondoka." Sasa tunamjua, na kionyeshi kimetangulia nomino. Lau msimulizi angesema "mzee yule", tungeelekea kugeuza macho tuone anayeonyeshwa. Mpangilio wa maneno peke yake umetenga kuonyesha kwa kidole na kurejelea kwa kumbukumbu. Vionyeshi vyenye "-o" ya urejeo, yaani huyo, hicho, hiyo na vinginevyo, navyo hufanya kazi hiyo hiyo ya kurudi kwenye lililokwisha tajwa.

4. Kiswahili cha mitaa ya Eastlands

Mitaa ya Eastlands ilijengwa kwa awamu. Pumwani ilianza katika miaka ya mwanzo ya 1920 kama eneo lililotengewa Waafrika, na humo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwa Waislamu wengi. Zikafuata Kariakor, Shauri Moyo na Kaloleni, kisha mitaa ya miaka ya 1950, miongoni mwake Mbotela na Ofafa, iliyopewa majina ya viongozi wawili waliouawa wakati wa Hali ya Hatari: Tom Mbotela mwaka 1952 na Ambrose Ofafa mwaka 1953. Baada ya Uhuru mwaka 1963, watu waliweza kuhamia mjini pamoja na jamaa zao kwa wepesi zaidi kuliko zamani. Watoto wa Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu na wengineo wakalelewa katika uwanja mmoja, na lugha waliyokutania ilikuwa Kiswahili. Katika mazingira hayo, baina ya miaka ya 1960 na 1970, ndipo ilipozuka lugha ya vijana iitwayo Sheng, ambayo Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliijadili katika makala yao ya mwaka 1997.

Walimu wa Kiswahili wameilaumu lugha ya mitaa hiyo kwa kuvuruga ngeli, na kwa kipimo cha usanifu lawama hiyo ina msingi. Mtoto wa Jericho au Makongeni husema "hiyo kitabu" na "ile kiti", pale ambapo Kiswahili sanifu kingedai "kitabu hicho" na "kile kiti". Lakini tukiishia kwenye ngeli tutapitwa na jambo jingine. Katika semi hizo kionyeshi kinatangulia nomino, na umbo lake moja linatumika kwa nomino za ngeli mbalimbali. Kadiri upatanisho wa ngeli ulivyopungua, ndivyo viambishi vya mtendwa vilivyopoteza sehemu ya utajiri wake. Udhahiri, hata hivyo, haukupotea pamoja navyo. Ulihamia mbele ya nomino.

Tutazame usemi wa kawaida wa mitaani: "Kuna msee alikam hapa jana. Huyo msee alikuwa anasaka keja." Katika sentensi ya kwanza mtu anatambulishwa kwa "kuna", katika ya pili anarejelewa kwa "huyo". Nayo "keja", yaani nyumba, imebaki uchi kwa sababu ni nyumba yoyote itakayopatikana. Mwenye kufasiri maneno hayo kwa Kiingereza ataandika "a man", "the man" na "a house" bila kusita, kwa kuwa msemaji amekwisha mwonyesha njia. Vivyo hivyo kwa nomino za Kiingereza zenyewe. Mwanafunzi asemaye "Hiyo exam ilikuwa ngumu" amechukua nomino ya Kiingereza, akaiacha "the" mlangoni, na kwenye kiti chake akamkalisha "hiyo". Asingejaza nafasi hiyo kama asingeihisi.

Historia ya lugha za Ulaya yatufundisha kwamba vibainishi havikushuka kutoka mbinguni. Kilatini hakikuwa navyo. Kionyeshi chake "ille" ndicho kilichochakaa kwa matumizi kikazaa "le" ya Kifaransa, "el" ya Kihispania na "il" ya Kiitalia. "The" ya Kiingereza ilitokana na kionyeshi cha Kiingereza cha kale, na "a" ilitokana na neno lenye maana ya "moja". Kionyeshi na moja: ndivyo vile vile alivyovitumia bibi msimulizi. Kufanana kwa "ille" ya Kilatini na "ile" ya Eastlands ni sadfa ya sauti tu, lakini njia wanayoipita ni moja. Hatudai kwamba "ile" na "hiyo" zimekwisha kuwa vibainishi kamili. Kibainishi kamili hakiachwi kwa hiari, ilhali mtoto wa Eastlands bado aweza kuviacha vionyeshi vyake bila kuharibu sentensi.

5. Shule na wajibu wa kubainisha

Mwaka 1957 jaribio la kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza lilianza Nairobi katika shule za watoto wa Kiasia, na mapema katika miaka ya 1960 mpango huo ukaenea katika shule za Waafrika. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirejesha hadhi ya lugha ya eneo kwa madarasa ya chini, na mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukakifanya Kiswahili somo la lazima la mtihani. Katika mabadiliko yote hayo lugha hizo mbili zilipangiwa vipindi mbalimbali, na mara nyingi walimu mbalimbali. Yule wa Kiingereza alisahihisha "the" iliyokosekana. Yule wa Kiswahili alisahihisha "hiyo kitabu". Na nadra ilikuwa kwa mmojawapo kumwambia mwanafunzi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, insha ya Kiingereza ilikuwa sehemu ya alama zilizoamua nani ataingia shule gani ya sekondari. Kijineno cha herufi tatu kikawa na uzito katika maisha ya mtoto.

Wala Kiingereza chenyewe hakimsaidii sana. Kwa Kiswahili twaenda shuleni, kanisani, sokoni na mtoni, na kiambishi "-ni" chatosha kwa zote. Mwingereza huenda "to school" na "to church", lakini "to the market" na "to the river". Tena, huenda "to school" akiwa mwanafunzi, na "to the school" akiwa fundi aliyeitwa kutengeneza paa. Mto Tana hupewa "the", Ziwa Victoria na Mlima Kenya hunyimwa. Mtoto aandikaye "I went to market" amefuata mfano aliofundishwa wa "to school". Kosa lake ni la mtu mwenye kufikiri kwa kanuni.

Roman Jakobson aliandika mwaka 1959 kwamba lugha hutofautiana hasa katika yale ambayo hazina budi kuyasema, si katika yale ziwezayo kuyasema. Hapo ndipo kiini cha jambo letu. Nomino ya Kiingereza ya umoja yenye kuhesabika haiwezi kusimama bila kitu mbele yake; ni lazima iwe "a book", "the book", "my book" au mfano wa hayo. Nomino ya Kiswahili yaweza kusimama peke yake, na muktadha ukaamua. Mwanafunzi wa Eastlands ana dhana tayari. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kuidhihirisha kila mara, hata pale ambapo kwake haina haja.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba dai la upungufu lilianza kwa orodha ya aina za maneno iliyoundwa kwa ajili ya lugha nyingine, likaendelea kwa sababu njia za Kiswahili hazikuwa mahali palipotazamwa. Tumeona pia kwamba lugha ya Eastlands, ambayo hudharauliwa na walimu wa pande zote mbili, ndiyo inayoziweka njia hizo wazi zaidi, mbele ya nomino.

Ikiwa haya ni kweli, basi somo la "a" na "the" halina budi kuanzia kwenye hadithi. Mwanafunzi aisimulie kwa Kiswahili chake, atafute "mmoja" na "kuna" mahali mtu anapoingia, na "yule" na "huyo" mahali anaporejea; kisha ndipo afunzwe kwamba Kiingereza hufanya hivyo hivyo, ila hakimpi ruhusa ya kunyamaza. Mto na ziwa, soko na kanisa, vitabaki kuwa vya kukariri, kama vilivyo kwa kila mgeni wa lugha hiyo. Lakini kukariri mambo machache kwa mtu anayejua analolifanya ni kazi nyepesi kuliko kukariri yote kwa mtu aliyeambiwa kwamba lugha ya mama yake haijui tofauti ya kitu chochote na kitu kile.