Wewe Marini au Arinoti?

Sikwenda pale uwanjani kutafuta historia. Nilikwenda kwa sababu mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa darasa la tano, anapiga ngoma ndogo katika bendi ya shule yake, na siku hiyo shule kadhaa za Tanga zilikuwa zikishindana. Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Dar es Salaam kusalimia nyumbani. Dada akanitoa ndani kwa maneno: "Mjomba, nenda kamwone mpwa wako. Hayo madaftari hayakimbii."

Jua lilikuwa kali na vumbi kibao. Watoto walivaa mashati meupe na mikanda ya karatasi nyekundu. Ngoma kubwa ilipolia mara ya kwanza, kifua changu kikaitika chenyewe. Nami nilikuwa mpiga filimbi katika bendi ya shule ya msingi, na wakati ule niliamini hakuna cheo duniani kinachozidi kupita mbele ya shule nzima asubuhi, mguu mmoja na wenzako.

Chini ya mwarobaini nikawaona hao wenzangu. Watatu, kama vile mtu kawapanga. Mpiga ngoma kubwa, sasa anaendesha bodaboda. Mpiga matoazi, sasa fundi seremala. Na mpiga ngoma ndogo, yule tuliyekuwa tunakula naye muhogo kwa mama yake kila tukitoka mazoezini. Wawili wa kwanza wakanirukia kwa kelele. Wa tatu akanipa mkono tu, akasema, "Umeonekana, bwana."

Nilijua sababu. Mama yake alifariki mwaka juzi na mimi sikwenda kumzika. Tuna kundi letu la WhatsApp la bendi, na habari niliipata siku ile ile. Niliandika "pole sana ndugu yangu, tuko pamoja", kisha nikaweka simu mfukoni. Nauli sikuwa nayo, hilo ni kweli. Lakini hata mchango sikutuma, wala sikupiga simu baada ya arobaini. Siku zikapita, aibu ikakua, nikaanza kukwepa.

Basi tukakaa kwenye nyasi tukitazama watoto. Haikupita dakika kumi tukawa tumegawanyika: wawili upande wa bendi ya mikanda nyekundu, wawili upande wa mikanda ya bluu, tukibishana kama tumelipwa. Nyuma yetu palikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ya kiua. Akacheka, akauliza, "Nyie wanangu, Marini au Arinoti?"

Tukamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, lakini swali lake hatukulielewa. Akatutazama kwa huruma. "Hamjui? Baba yangu mimi alikuwa Arinoti. Alifia ugenini, na ndugu zake hawakuwahi. Arinoti ndio waliomzika."

Hapo sikusikia tena ngoma. Nilimtazama mpiga ngoma ndogo, naye akatazama chini.

Niliporudi Dar nilianza kutafuta. Nilipata kitabu cha mwanahistoria Terence Ranger, kilichotoka mwaka 1975, kinachohusu ngoma moja tu katika Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1890 hadi 1970. Ngoma yenyewe ni beni. Jina limetokana na neno la Kiingereza la bendi, na ndivyo ilivyokuwa: ngoma za kijeshi, matarumbeta pale yalipopatikana, mavazi ya sare, gwaride na vyeo. Na juu ya yote, mashindano. Beni bila mpinzani haikuwa beni.

Ilianzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuona bendi za Wazungu, za meli na za majeshi. Pale Freretown, kijiji ambacho wamisionari wa Kiingereza walikianzisha karibu na Mombasa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, bendi ilikuwapo. Vijana wa Mombasa wakachukua walichokiona wakakiingiza katika jambo walilokuwa nalo tangu zamani, yaani mtaa kushindana na mtaa kwa ngoma na mashairi. Mombasa wakatokea Kingi na Skochi. Lamu, mji ambao tangu zamani una pande mbili, Mkomani na Langoni, beni ikaingia humo humo katika ushindani wa pande hizo.

Upande huu wetu, wakati wa Wajerumani, zikakua Marini na Arinoti. Kwa kawaida Marini walijiona watu wa daraja: wenye elimu kidogo, wenye kazi za ofisini, watu wa mjini. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono na waliotoka bara. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali wake, magavana na madaktari wake. Karani aliyeamrishwa na Mzungu kutwa nzima, jioni alivaa kofia akawa jenerali, na watu wakampigia saluti.

Wako waliosema huo ulikuwa ni uigaji tu, Mwafrika kumwiga bwana wake. Nami niliposoma mara ya kwanza nilifikiri hivyo. Lakini jiulize, ndugu msomaji: hao watu walikuwa wanafanya nini siku ambazo ngoma hailii?

Walikuwa wanapokeana. Fikiria kijana anayeshuka Dar es Salaam akitokea bara, hana shangazi wala jirani. Akijitaja kuwa ni Arinoti wa mji fulani, anao watu. Anapata pa kulala, anaelekezwa penye kazi, akiugua anatazamwa, akifa anazikwa. Cheo cha jenerali kilikuwa na gharama zake: mwenye cheo alitakiwa kutoa, kulisha wageni na kuongoza michango. Kwa hiyo mashindano ndiyo yaliyowakutanisha hadharani, lakini chama kilikuwa ni zaidi ya siku ya mashindano.

Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914. Hapa Tanga penyewe palipiganwa mwezi wa Novemba mwaka huo, na Waingereza waliotua kwa meli wakashindwa na Wajerumani. Askari Waafrika walikuwa pande zote mbili, na beni ilikuwa pande zote mbili. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na mizigo. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kila siku tunapita Kariakoo kununua viatu na simu, na ni wachache kati yetu wanaojua kwamba tunalitaja jeshi la watu waliobeba mizigo ya vita isiyowahusu.

Vita ilipokwisha mwaka 1918, waliosalia walirudi makwao au wakatafuta kazi mbali, na beni wakaondoka nayo. Ikafika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko iliitwa mbeni. Waliokuwa adui vitani wakajikuta katika ngoma moja. Wakubwa wa kikoloni wakaingiwa na wasiwasi: hawa watu wana matawi kila mji na wanaandikiana barua, je, si njama? Mwaka 1919 jambo hilo lilichunguzwa. Njama ya uasi haikupatikana. Walichokuwa nacho ni watu waliojuana kutoka mji hadi mji bila kupita kwa bwana shauri, na hilo peke yake lilitosha kumnyima mkoloni usingizi.

Mwaka 1935 wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini waligoma kwa sababu ya kodi. Pale Luanshya polisi walifyatua risasi na watu 6 wakauawa. Tume iliyochunguza mgomo ilihoji pia habari za mbeni, kwa kuwa vyama vya ngoma vilikuwa njia iliyokwisha kuwapo ya kuwafikishia watu neno. Miaka ya 1950 huko huko migodini, mwanazuoni J. Clyde Mitchell aliandika juu ya ngoma ya kalela, mtoto wa mbeni, yenye "mfalme" na "daktari" wake katika mavazi nadhifu. Beni ya Mombasa ilikuwa imetembea hadi katikati ya bara kwa miguu ya vibarua.

Wanawake nao hawakukaa pembeni. Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vyenye vyeo na upinzani mkali, kama Ibinaal Watan na Banu Saada. Margaret Strobel aliandika habari zao mwaka 1979. Humo nako, nyuma ya ngoma, palikuwa na kusaidiana kwenye harusi na misiba.

Beni ilififia kidogo kidogo. Vijana wa mjini wakapenda dansi na jazi, wengine wakaenda kwenye mpira. Lakini ule mtindo wa pande mbili haukufa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na hadi leo mji unagawanyika. Tanga yetu ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kwenye taarabu Black Star na Lucky Star. Zanzibar beni yenyewe bado hupigwa mitaani kwenye harusi, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limewahi kufunguliwa kwa maandamano yenye beni ya Mbwa Kachoka mbele.

Nimeyaeleza haya kwa vijana wenzangu wanaoandika, kwa sababu wengi wetu tunatafuta visa vikubwa mbali wakati mzee mwenye kofia ya kiua amekaa nyuma yetu. Na nimeyaeleza kwa sababu yalinihukumu. Wale watu hawakuwa na simu. Barua ilichukua siku nyingi, mshahara ulikuwa mdogo, na bado waliweza kumzika mtu wasiyezaliwa naye. Sisi tulikuwa na kundi lenye jina, picha na watu 19, na mama aliyetulisha muhogo alipokufa, niliandika neno "pamoja" nikiwa nimejilaza.

Miezi mitatu baada ya yale mashindano nilirudi Tanga. Sikumwambia mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mpiga ngoma ndogo nikiwa na bahasha yenye kiasi nilichoweza, na nikamwambia maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima. Nilikosea karibu yote. Nilisema, "Nimechelewa, na sina sababu."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kanzu mbili, moja akanipa mimi. Tukaenda makaburini. Kaburi halikuwa na jiwe, lina kibao tu na mti mdogo wa mkilua, na yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kusimama. Tukasoma Fatiha.

Njiani kurudi tulipita karibu na shule yetu. Watoto walikuwa mazoezini na ngoma kubwa ilikuwa inachelewa, iko nyuma ya wenzake kabisa. Mwenzangu akasimama, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Huyo hajui kuhesabu," alisema. "Kama wewe."

Kisha akanishika bega, tukaenda kumwamsha mpiga matoazi.