Moshi wa Sigara na Vumbi la Dhahabu

Nilipokuwa mtoto pale Shinyanga mjini, mjomba wangu alikuwa akichimba dhahabu upande wa Geita. Kila alipokuja kupumzika alinipa sarafu na kuniambia: "Mjomba, hebu nikimbilie sigara mbili." Nilikwenda mbio, nikijivunia kutumwa na mtu wa machimboni. Usiku tulimsikia akikohoa hadi alfajiri. Watu wazima walisema ni vumbi la shimoni. Hakuna aliyeitaja sigara.

Leo nataka tuitaje, na tuanze na historia yake.

Tumbaku asili yake ni bara la Marekani, lakini kwetu imekaa muda mrefu. Wazee wa Usukuma na Unyamwezi walinusa ugoro na kuvuta kiko kabla mkoloni hajafika. Sisemi kwamba ugoro ni salama, la hasha. Ninachosema ni kwamba sigara ya leo ni mtoto wa mashine. Mwaka 1881 Mmarekani James Bonsack alipata hakimiliki ya mashine ya kusokota sigara, na mashine moja iliweza kutoa zaidi ya laki moja kwa siku. Sigara ikawa rahisi, ikaingia katika kila mfuko.

Kwetu, kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru. Serikali ilikitaifisha mwaka 1975, kisha ikakibinafsisha mwaka 1995. Tumbaku ililimwa Urambo, na hata hapa kwetu Kahama, na fedha yake imesomesha watoto wengi.

Sasa tutazame tarehe nyingine. Mwaka 1950, watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali za London, ukionyesha kwamba saratani ya mapafu inakwenda pamoja na sigara. Tarehe 11 Januari 1964, Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Luther Terry, alitangaza rasmi kwamba sigara husababisha saratani hiyo. Kesho yake, tarehe 12 Januari, yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar. Katika wiki ile, nani kwetu angekuwa na nafasi ya kusikiliza habari za mapafu ya Wamarekani? Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilipitishwa mwaka 2003. Hesabu mwenyewe: ni miaka 39.

Basi ndani ya moshi ule mna nini? Wataalamu wamehesabu kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati ya hizo husababisha saratani. Imo nikotini, ambayo humfanya mtu awe mtumwa wa sigara. Imo lami inayoganda mapafuni. Zimo arseniki, risasi na kadimiamu. Imo pia kaboni monoksaidi, hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mchimbaji aliye ndani ya duara, ambako hewa ni haba tangu mwanzo, huipunguza zaidi kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha liko vumbi. Mawe meupe yenye dhahabu yanaposagwa kwenye karasha hutoa vumbi la silika. Vumbi hilo huyatia mapafu makovu na kuyafungulia mlango kifua kikuu, na mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lililiweka katika orodha ya visababishi vya saratani. Mungu ametupa vinywele vidogo katika njia ya hewa, vinavyofagia vumbi kulirudisha nje. Moshi wa sigara huvipoozesha vinywele hivyo. Kwa hiyo avutaye sigara machimboni amemfukuza mfagizi, huku uchafu ukiendelea kumwagwa ndani.

Kumbe nyumbani tulikuwa na nusu ya jibu. Lilikuwa vumbi, na ilikuwa sigara, kila kimoja kikimsaidia mwenzake.

Mjomba alifariki kabla ya kufikisha miaka 50. Siku hizi wachimbaji wadogo wengi wa Geita wanajua kwamba moshi wa zebaki ni sumu, na wapo wanaosogea mbali dhahabu inapochomwa. Wakishasogea, huwasha sigara. Moshi mmoja tunaukimbia, mwingine tunaununua.

Sheria ile ya 2003 inakataza kumwuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18. Tusimtume dukani basi. Mimi nilitumwa, na hadi leo nakumbuka jinsi nilivyokuwa nikikimbia.